Pango au Riba: Serikali ya Uingereza na Wenye Rehani, 1942–2018

Tuchukue watu wawili wanaoishi mtaa mmoja nchini Uingereza, ambao wote wamepoteza kazi wiki moja. Wa kwanza ni mpangaji. Wa pili amekopa benki kununua nyumba anayoishi, na nyumba hiyohiyo ndiyo rehani ya mkopo. Wote wanahitaji paa, na kila mwezi mmoja anadaiwa pango na mwingine anadaiwa na benki. Je, hazina ya umma imsaidie nani, na kwa kiasi gani?

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Kwa Kiswahili, tukisema "mwenye nyumba" kwa kawaida tunamfikiria yule anayekuja kudai kodi mwisho wa mwezi. Katika insha hii atabaki hivyo. Anayeishi katika nyumba anayoinunua kwa mkopo nitamwita "mwenye rehani". Mtu huyu si wa kawaida sana machoni petu, kwa kuwa wengi wetu huku hujenga kidogokidogo, leo msingi, mwakani bati. Uingereza ndiye raia wa kawaida. Mwaka 1951 takribani theluthi moja ya kaya za England na Wales ziliishi katika nyumba zao wenyewe. Miaka arobaini baadaye zilikuwa kama theluthi mbili, na nyingi kati yake zilikuwa na deni.

Hoja yangu ni kwamba serikali ilimjibu mwenye rehani kwa kanuni moja: fedha za umma zimsitiri mtu, zisimjengee mali. Kanuni hiyo ni ya haki ukiisikia. Tatizo ni kwamba ilitumiwa kwa upande mmoja tu.

Ripoti ya William Beveridge ya Desemba 1942, iliyoweka msingi wa hifadhi ya jamii baada ya vita, ilikwama kwenye suala la pango. Beveridge alitaka kila raia alipwe kiasi kimoja, lakini pango la London si pango la mji mdogo wa kaskazini. Alipokokotoa mahitaji ya mume na mke alitenga shilingi 10 kwa wiki kwa ajili ya pango, huku akijua kwamba hesabu hiyo haiwatoshi wengine na inawazidi wengine. Msaada wa taifa ulipoanza Julai 1948, mhitaji alihesabiwa pango lake halisi, mradi liwe la wastani. Mwenye rehani naye hakutupwa: riba ya mkopo wake ilihesabiwa kama pango, lakini deni lenyewe halikuhesabiwa. Utaratibu huo uliendelea chini ya mafao ya nyongeza ya mwaka 1966. Mantiki yake haina ila. Riba ni gharama ya kukaa, ilhali kila pauni inayolipia deni humwongezea mtu sehemu ya nyumba aliyo nayo.

Njia zao zilitengana miaka ya 1980. Sheria ya makazi ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, na kabla muongo haujaisha zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Familia nyingi za kipato kidogo zikawa wenye rehani kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo, ruzuku ya pango iliyoanza kati ya 1982 na 1983 ikakabidhiwa halmashauri za mitaa. Riba ya mikopo ikabaki kwenye ofisi za hifadhi ya jamii. Tofauti kubwa ilikuwa hapa: mpangaji aliyefanya kazi kwa mshahara mdogo aliweza kupata ruzuku, lakini mwenye rehani wa mshahara uleule hakupata kitu mpaka aache kazi. Serikali ilimhimiza mfagiaji barabara anunue nyumba, kisha ikamweka mahali ambapo kupata kibarua cha kutwa nzima kungeweza kumpotezea nyumba hiyo.

Mtetezi wa serikali angesema kwamba wenye rehani walipata nafuu katika kodi ya mapato. Ni kweli, na iliigharimu hazina mabilioni ya pauni kabla ya kufutwa Aprili 2000. Ila hadi mwaka 1991 mwenye mshahara mnono alipata nafuu kubwa kuliko wa mshahara mdogo. Sioni jinsi nafuu ya meneja inavyomfaa aliyefukuzwa kiwandani.

Kisha riba zikapanda. Oktoba 1989 riba ya msingi ilifika asilimia 15. Watu waliokopa wakati wa neema wakashindwa kulipa, na mwaka 1991 pekee nyumba zipatazo 75,000 zilichukuliwa na wakopeshaji. Mtu angetarajia msaada uongezwe, lakini ulikuwa umeshaanza kupunguzwa. Tangu mwaka 1987 waombaji walio chini ya miaka 60 walilipwa nusu tu ya riba katika wiki 16 za mwanzo. Oktoba 1995, Peter Lilley akiwa waziri, waliochukua mikopo mipya waliambiwa wasubiri wiki 39 ndipo walipwe chochote. Mkopo uliozidi pauni 100,000 haukuhesabiwa kwa kile kilichozidi. Walitakiwa wajikatie bima binafsi. Benki haisubiri wiki 39, na watu wengi hawakukata bima hiyo. Aliyehitaji kinga kuliko wote, yaani mwenye kazi ya msimu au afya mbaya, ndiye ambaye kampuni ya bima ilisita kumchukua.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 uliilegeza serikali. Kuanzia Januari 2009 muda wa kusubiri ulishuka hadi wiki 13 na kikomo kikapanda hadi pauni 200,000. Hapo likatokea jambo la kuchekesha kidogo. Msaada ulikokotolewa kwa kiwango kimoja kwa wote, asilimia 6.08, nacho kiliachwa palepale wakati riba ya msingi ikianguka hadi asilimia 0.5. Baadhi ya watu wakalipiwa kuliko walivyodaiwa riba, na ziada ikapunguza deni lenyewe. Kwa kugandishwa kwa tarakimu moja, hazina ililipa kile ilichokikataa tangu 1948. Oktoba 2010 kiwango kilikatwa hadi asilimia 3.63.

Hatimaye, tarehe 6 Aprili 2018, msaada wenyewe ukageuzwa kuwa mkopo. Serikali sasa humlipia mwenye rehani riba, lakini huiandika kama deni juu ya nyumba, nalo hudaiwa nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki. Pigo liliwafikia pia wastaafu waliokuwa wamelipiwa riba bila deni kwa miaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa haki: kwa nini mlipakodi anayepanga amsaidie mtu kuhifadhi mali ambayo yeye mwenyewe hana?

Swali hilo ni zito, na sidhani kwamba mpangaji alikuwa akistarehe. Tangu 2011 ruzuku ya wapangaji wa nyumba binafsi ilipimwa kwa theluthi ya chini ya bei za eneo badala ya bei ya katikati. Aprili 2013 wapangaji wa nyumba za jamii waliokuwa na chumba cha ziada walikatwa asilimia 14, na wenye viwili au zaidi asilimia 25. Mwenye rehani aliyekuwa na vyumba vitupu hakuulizwa.

Lakini fuata pesa ya ruzuku hadi mwisho wa safari. Sheria ya mwaka 1988 iliondoa udhibiti wa pango kwa mikataba mipya, na kuanzia 1996 benki zikaanza kutangaza mikopo maalumu ya kununua nyumba za kupangisha. Baadhi ya nyumba zilezile zilizouzwa na halmashauri ziliangukia mikononi mwa wenye nyumba binafsi. Mpangaji asiye na kazi alipopangishwa humo, ruzuku yake ililipa pango, na pango likalipa benki: riba, na mara nyingine deni lenyewe. Mali ilijengwa kwa fedha za umma, isipokuwa haikujengwa kwa jina la aliyelala ndani ya nyumba.

Aprili 2023 masharti ya mkopo wa serikali yalilegezwa. Muda wa kusubiri ulipungua kutoka miezi tisa hadi mitatu, na mwenye rehani anayefanya kazi kwa kipato kidogo akaruhusiwa kuuomba. Bado ni deni. Mwenye nyumba aliyepokea ruzuku ya wapangaji wake kwa miaka ishirini hadaiwi hata pauni moja ya ruzuku hiyo siku anapoiuza nyumba.