Jina la Uhura: Maisha na Kazi ya Nichelle Nichols

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyovuka bahari katika karne ya ishirini, ni machache yaliyofika mbali kama neno uhuru. Mnamo Septemba 1966 neno hilo, likiwa limebadilishwa irabu moja tu, liliingia katika nyumba za Wamarekani kwa njia ya televisheni. Aliyelibeba alikuwa Nichelle Nichols, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, aliyefariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 89. Maisha yake yanastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa yanaonyesha jinsi neno la kuazima linavyoweza kupewa uzito na matendo ya yule anayeitwa kwalo, hata kama waliolichagua mwanzoni walitaka pambo tu.

Nichols alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, Illinois, karibu na Chicago, akapewa jina la Grace Dell. Alianza kazi akiwa mwimbaji na mcheza dansi, akazunguka na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton kabla ya kuingia katika uigizaji. Mwaka 1964 aliigiza katika mchezo mmoja wa Gene Roddenberry. Miaka miwili baadaye Roddenberry alikuwa akitafuta waigizaji wa mchezo mpya wa mfululizo uitwao Star Trek, uliohusu safari za anga za karne ya ishirini na tatu.

Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amechukua kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya iliyochapishwa mwaka 1962 na ambayo mandhari yake ni Kenya katika siku za mwisho za ukoloni. Roddenberry alilipenda neno hilo, lakini akaliona ni kali mno kwa jina la mwanamke. Nichols akapendekeza irabu ya mwisho ilainishwe, na Uhuru akawa Uhura. Hapa pana kinaya cha historia. Ruark alikuwa Mmarekani mweupe, mwandishi na mwindaji, aliyeutazama uhuru wa Waafrika kwa mashaka makubwa. Neno alilolitumia kuonyesha mashaka hayo likageuka kuwa jina la afisa wa mawasiliano katika chombo cha anga, mwanamke wa Kiafrika aliyeketi pamoja na viongozi wa chombo hicho.

Mtaalamu wa sarufi aweza kulilalamikia jina hili. Uhuru ni nomino dhahania iliyoundwa kwa kiambishi u- na shina -huru, ambalo asili yake ni Kiarabu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi: mwalimu, daktari na mpishi hubaki vilevile, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo irabu -a haina kazi ya kulifanya neno hilo kuwa la kike. Hata hivyo, majina ya watu yaliyotoka katika Kiarabu yana njia yake. Habibu ni wa kiume na Habiba ni wa kike. Ndivyo walivyo pia Saidi na Saida. Katika Kiarabu chenyewe, hurr ni mwanamume huru na hurra ni mwanamke huru. Basi waliolilainisha neno, pasipo kukusudia, waliliweka karibu na umbo lenye maana iliyowafaa. Tena sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani ya Uhura mwangwi wa Zuhura, ambalo ni jina la mwanamke na pia jina la sayari.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba jina hilo halikuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ambayo nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili. Mababu wa wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wala si kutoka mwambao wa Waswahili. Waliokichagua Kiswahili walikitafutia kazi nyingine: kuwa lugha ya Bara zima, isiyofungwa na kabila moja. Katika Star Trek kazi hiyo ilionekana mara chache, lakini ilionekana. Katika sehemu moja iliyotangazwa tarehe 29 Septemba 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu zake zote na kulazimika kufundishwa Kiingereza upya. Katikati ya mafunzo hayo, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Kiswahili, ambacho kwa watazamaji wengi kilikuwa pambo, hapo kilipewa cheo cha lugha ya kwanza ya binadamu.

Hata hivyo, cheo cha Uhura hakikulingana na maneno aliyopewa kusema. Mara nyingi Nichols aliachiwa sentensi chache za kupokea na kupeleka habari. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa mchezo alikusudia kuuacha arudi katika uimbaji wa jukwaani. Kama alivyosimulia, alikutana na Martin Luther King katika hafla moja, naye King akamsihi asiondoke, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu weusi walionekana katika televisheni jinsi walivyopaswa kuonekana. Nichols alibaki. Tarehe 22 Novemba 1968, miezi michache baada ya King kuuawa, aliigiza na William Shatner katika mojawapo ya mabusu ya kwanza kati ya mweusi na mweupe katika televisheni ya Marekani. Mchezo ulikoma mwaka 1969, lakini alirudi kuwa Uhura katika filamu sita, kuanzia 1979 hadi 1991.

Jambo lililompambanua na waigizaji wengi lilitokea nje ya jukwaa. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, ambalo mpaka wakati huo halikuwa limempeleka angani mwanamke wala mtu mweusi, lilimpa kazi ya kuwahimiza wanawake na watu wa jamii ndogo kuomba nafasi za uanaanga. Nichols alizunguka nchini akilitumia jina la Uhura kuwaita. Maombi yaliyofika NASA yalizidi 8,000, na mwezi Januari 1978 walichaguliwa watu 35. Miongoni mwao walikuwa wanawake sita na wanaume weusi watatu. Sally Ride na Guion Bluford waliruka mwaka 1983. Judith Resnik na Ronald McNair walikufa katika ajali ya Challenger tarehe 28 Januari 1986. Mwaka 1992 Mae Jemison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, naye hakuficha kwamba utotoni alivutiwa na Uhura.

Neno lenyewe, katika umbo lake kamili, lilikuwa limekwisha kutangulia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Neno moja likawa na maumbo mawili: moja lilizaliwa katika mchezo wa televisheni, la pili likaandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota.

Mwezi Januari 2024 sehemu ya majivu ya Nichols ilirushwa kwa roketi kwenda kulizunguka jua. Wenye Kiswahili chao wangeweza kudai irabu yao irudishwe. Lakini jina humfaa mtu kwa namna anavyoishi nalo, na Nichelle Nichols aliazima neno la watu wengine, akalitumia kuwafungulia wengine mlango. Kwa kipimo hicho, neno lilirudi kwa wenyewe likiwa zima.