Mtambo Uliokataa Kuchapa

Msomaji, bila shaka umepata kuona katika ofisi ya shule jinsi watu wanavyohangaika printa inapokataa kuchapa. Mmoja hufungua mlango wa mtambo, wa pili huchomoa karatasi iliyojikunja, wa tatu huzima umeme na kuuwasha tena. Huenda ukadhani kuwa jambo dogo namna hii halistahili kuingia katika historia. Lakini iko printa moja ambayo kukwama kwake kulizaa ubishi usiokwisha hata leo.

Printa ya leza ilibuniwa na Gary Starkweather, mhandisi wa kampuni ya Xerox, mwaka 1971, kwa kugeuza mashine ya kunakili. Mwali wa leza huchora maandishi juu ya ngoma inayozunguka. Wino wa unga hunata, kisha hugandishwa katika karatasi kwa joto. Kazi hutoka safi, lakini karatasi haina budi kupita kati ya magurudumu mengi, nayo ikienda upande kidogo tu hukwama.

Katika miaka ya 1970, Maabara ya Akili Mnemba ya chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilikuwa na printa iliyotumiwa na watu wengi kwa njia ya kompyuta. Mtu alituma kazi yake, akangoja mezani pake, kisha akaenda kuichukua. Akakuta karatasi imekwama zamani, na kazi za wenzake zimepanga foleni nyuma ya yake. Hebu tazama ugonjwa hasa ulikuwa nini. Kuchomoa karatasi ni kazi ya dakika chache. Muda mrefu ulipotea kwa sababu hapana aliyejua kuwa mtambo umesimama. Mwandishi wa programu aitwaye Richard Stallman hakuweza kuizuia karatasi isikwame. Basi aliibadilisha programu ya printa: mtambo ulipokwama, kompyuta iliwapasha habari wote waliokuwa wakingoja, na mmoja wao aliinuka akaenda kuutengeneza. Kwa maoni yangu, dawa hii ilikuwa ya busara sana, maana ilitibu kutojua kwa watu, si ukaidi wa chuma.

Karibu na mwaka 1980, Xerox iliipa maabara zawadi ya printa mpya yenye kasi zaidi. Nayo pia ilikwama. Stallman alitaka kuipa dawa ile ile, lakini safari hii mlango ulikuwa umefungwa. Yakupasa kufahamu, msomaji, kwamba programu huandikwa kwanza kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza aweza kuzisoma. Baadaye hugeuzwa kuwa tarakimu tupu zinazofahamika na mashine peke yake. Maabara ilipewa zile tarakimu, haikupewa maandishi ya asili. Ilikuwa kama kupewa ugali uliokwisha kupikwa, na kuambiwa upunguze chumvi.

Stallman alipata habari kuwa mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, anayo maandishi hayo. Alimwendea, akamwomba nakala, akanyimwa. Mtaalamu yule alikuwa ameiahidi kampuni kwamba hatampa mtu. Mimi simhesabu kuwa mtu mbaya, kwani ahadi ni deni. Wala kampuni haikukosa hoja, maana kazi ya kuandika programu ina gharama. Hata hivyo, ahadi iliyotolewa kwa mmoja iliwanyima msaada watu wengi ambao hawakuulizwa. Stallman aliondoka kwa hasira bila kujibu neno.

Haitakuwa haki kusema kwamba printa peke yake ndiyo iliyoleta yaliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ziliwaajiri wenzake wengi, na desturi ya maabara ya kushirikiana ikavunjika. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Mwaka 1989 alitoa leseni iitwayo GPL: atakayeigawa programu yenye leseni hiyo hana budi kuwapa wenzake na maandishi yake ya asili. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland aliyeanza Linux mwaka 1991, aliiweka kazi yake chini ya leseni hiyo mwaka 1992.

Mambo hayo yalifika hata kwetu Afrika Mashariki. OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu za ofisini, ilitolewa kwa leseni ya ukoo ule ule. Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Waliyafungua maandishi yake, wakaondoa maneno ya Kiingereza, wakatia ya Kiswahili, na mwaka 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice.