Padri Placide Tempels: aliyefundishwa na aliokuja kuwafundisha



Katika miji yetu ya migodi, Padri Placide Tempels anajulikana kwa kitabu "La philosophie bantoue", kilichotoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Yafaa tuyatazame maisha yake yote, kwa maana baada ya kitabu hicho aliendelea kubadilika.

Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akawa Mfransisko, akapewa upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933. Miaka ya kwanza, kati ya Waluba wa Katanga, alifundisha kama wamisionari wengi wa siku zile: yeye ndiye mwenye kujua, watu wasikilize. Mafundisho yalifika masikioni, hayakushuka moyoni. Ndipo alipoanza kuwauliza watu wanatamani nini kuliko vyote. Akapata jibu: uzima wenye nguvu, uzazi, na umoja na wengine. Akatambua kwamba Kristu alikuja kuyatimiza hayo hayo.

Lakini kitabu cha 1945 kilisema na Wazungu juu ya Waafrika. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alikipinga, na kuanzia 1946 hadi 1949 Tempels alikaa Ubelgiji.

Baadaye, katika miaka ya 1950, alitumwa Kolwezi kwa wafanyakazi wa Union Minière. Huko ikazaliwa Jamaa. Mume na mke walikaa pamoja na padri, wakafunguliana mioyo. Uzima, uzazi na mapendo vikawa msingi wa mafundisho yao, kwa Kiswahili. Watu walioacha vijiji vyao kwa ajili ya kazi ya shaba wakapata ndugu. Katika "Notre rencontre", mwaka 1962, Tempels anasimulia alivyokutana na watu hao na jinsi walivyombadilisha.

Mwaka huo alirudi Ubelgiji, asije tena Kongo. Alifariki Hasselt mwaka 1977. Nyuma yake vikundi kadhaa vilijitenga na Kanisa, na maaskofu wakavionya. Mapendo yanayojifungia kati ya wachache hugeuka kuwa ukuta.

Sisi wa Kikula tumerithi yote mawili, zawadi na onyo. Kijana mgeni akiingia katika kikundi chetu, mara nyingi tunaanza kumpa kanuni na zamu za kazi. Tumwulize kwanza anatamani nini, kisha tuwe tayari jibu lake litubadilishe sisi pia.