Tarehe ya Kisiwa cha Hayq, Walikosimama Watawa Waliorudisha Ufalme

Kila anayesimulia habari za Uhabeshi huanza na Tekle Haymanot, mtakatifu wa Shewa anayechorwa makanisani akiwa na mabawa sita na mguu mmoja. Vitabu vingi vinasema yeye ndiye aliyekirudisha kiti cha enzi kwa ukoo wa Mfalme Suleimani mwaka 1270, na kwamba kwa kazi hiyo kanisa likapewa theluthi ya ardhi yote. Habari hizo zimerudiwa mno, hata wengi hawajui kwamba zina mpinzani. Mpinzani yupo, na haki iko upande wake. Ni monasteri ya Mtakatifu Stefano katika ziwa Hayq, nchi ya Wollo, na mwenye sifa ile ni abati wake, Iyasus Moa.

Iyasus Moa alizaliwa Dahna yapata mwaka 1214. Akiwa kijana aliacha kwao akaenda Debre Damo, ile monasteri ya Tigray iliyo juu ya jabali, ambayo mpaka leo hupandwa kwa kamba. Huko akawa mwanafunzi wa Abba Yohanni, akajifunza kunakili vitabu na kuvumilia njaa na kukesha. Mwaka 1248 hivi alifika Hayq. Kanisa lilikuwapo kisiwani tangu zamani, lakini yeye ndiye aliyepafanya mahali pale kuwa shule. Vijana walitoka Amhara, Lasta na Shewa kuja kusoma Maandiko, kujifunza Kigeezi na kuvaa vazi la utawa. Mmoja wao alikuwa Hiruta Amlak, ambaye baadaye alianzisha Daga Estifanos katika ziwa Tana. Mwingine alikuwa Tekle Haymanot mwenyewe.

Wazee wa Hayq husema kwamba Yekuno Amlak naye alilelewa kisiwani hapo, na kwamba Iyasus Moa alimtambua kuwa ni mtu wa uzao wa Suleimani na Malkia wa Sheba kabla ulimwengu haujamjua. Wakati ule watawala walikuwa Wazagwe, ukoo uliochonga makanisa ya Lalibela katika mwamba. Yekuno Amlak aliinuka na watu wa Amhara na Shewa, akampiga mfalme wa mwisho wa Zagwe, akatwaa ufalme mwaka 1270. Wazee wanaendelea kusema kwamba abati na mfalme waliwekeana agano: kisiwa kipewe ardhi na ulinzi, na abati wa Hayq awe na cheo cha akabe saat, mlinzi wa saa, katika baraza la mfalme.

Agano hilo linaeleweka kwa anayejua shida ya mfalme yule. Kwa desturi, askofu wa Uhabeshi aliletwa kutoka Misri, na Misri ilikuwa chini ya Wamamluki. Yekuno Amlak alimwandikia Sultani Baybars akiomba askofu, na hakuletewa. Mfalme mpya asiye na askofu, aliyeingia kwa upanga, alihitaji watu wa kumwombea hadharani, kuandika nasaba yake na kufundisha majimbo yake. Watu hao walikuwa watawa, na shule yao kubwa ilikuwa Hayq.

Sasa tuyapime madai ya Shewa. Tekle Haymanot alijenga monasteri yake ya Debre Asbo yapata mwaka 1284, miaka 14 baada ya Wazagwe kuanguka. Mwaka 1270 hakuwa na monasteri wala kundi la wanafunzi, wala cheo chochote cha kumfanya mfalme amtafute. Kinyume chake, Hayq kuna kitabu cha Injili nne cha mwaka 1280 au 1281, alichokitoa Iyasus Moa, na ndani yake mmechorwa sura yake. Na cheo cha akabe saat kilibaki mikononi mwa Hayq kwa karne mbili na zaidi. Katika enzi ya Zara Yaqob, mfalme aliyejificha machoni pa watu, akabe saat Amha Seyon alikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kumkaribia. Cheo kama hicho hakitolewi bila deni.

Hata hivyo, wana wa Shewa wana jambo moja la kujivunia ambalo hapana wa kuwanyang'anya, nalo ni ule ugomvi na Amda Seyon, aliyetawala kuanzia 1314 hadi 1344. Mfalme huyu shujaa alishutumiwa kumtwaa mke wa marehemu baba yake. Mtawa Anorewos, wa uzao wa Tekle Haymanot, alimkabili na kumtenga na kanisa. Mfalme akaamuru achapwe viboko. Wazee wanasema damu ya mtawa ilipodondoka ardhini iligeuka moto, na usiku ule kambi nzima ya mfalme ikateketea. Watu wa mfalme walisema watawa ndio waliochoma. Abati Filippos wa Debre Asbo naye alikataa kunyamaza kuhusu wafalme kuoa wake wengi, akahamishwa huku na huku. Wafalme waliwatupa watawa hawa mipakani wakidhani wamewanyamazisha, nao huko uhamishoni wakahubiri na kubatiza.

Nao watawa wengine waligombana na wakuu kwa njia yao: mtawa Ewostatewos alitetea kushikwa kwa Sabato ya Jumamosi, akafia Armenia. Wafuasi wake walikubaliwa na Zara Yaqob katika mkutano wa Debre Mitmaq mwaka 1450. Lakini wafuasi wa mtawa mwingine, Estifanos, watu wa monasteri ya Gunda Gunde, waliteswa.

Basi jina la Hayq lilifunikwaje? Jibu ni kwamba makao ya wafalme yalikuwa Shewa, na Debre Asbo ilikuwa jirani. Mwaka 1445 Zara Yaqob aliipa jina jipya, Debre Libanos. Abati wake, mwenye cheo cha echege, akawa mkuu wa watawa wote. Katika miaka ya 1530 majeshi ya Imamu Ahmad ibn Ibrahim yalichoma Debre Libanos na kuchukua hazina za Hayq. Debre Libanos iliinuka tena kwa nguvu ya wafalme. Hayq haikuinuliwa hivyo. Wakati wafalme walipokaa Gondar, echege aliishi karibu na ikulu, na waandishi waliokuwa upande wake wakamhamishia Tekle Haymanot tendo la mwalimu wake. Mwaka 1937, Graziani, mtawala wa Waitalia walioiteka nchi, alipoamuru watawa wa Debre Libanos wauawe, taarifa ya Waitalia wenyewe ilitaja 297, na utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba waliouawa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Damu hiyo iliipa monasteri heshima ambayo hakuna wa kuipinga. Mwaka 1959 echege wa zamani, Basilios, akawa patriaki wa kwanza wa Ethiopia.

Heshima hiyo yote ni ya Debre Libanos, na ibaki yake. Lakini mwaka 1270 ni wa Hayq. Mwili wa Yekuno Amlak mwenyewe, kwa mapokeo ya watawa, unalala Daga Estifanos, nyumba iliyojengwa na mwanafunzi wa Iyasus Moa, wala si Shewa. Wanaoandika vitabu vya historia kwa ajili ya watoto wetu wamtaje mwalimu kwanza, kisha mwanafunzi, na waache kuandika kwamba Tekle Haymanot ndiye aliyerudisha ufalme.