Nani Anashika Ufunguo wa RAW Yako?

Swali naulizwa sana kwa DM ni hili: "Buda, nitumie programu gani kuhariri RAW?" Watu wanataka jina moja, wadownload, wasonge. Lakini jina peke yake halitakusaidia sana, juu hii stori haijawahi kuwa ya preseti na rangi tu. Kwa karibu miaka 30 watu wamekuwa wakivutana kuhusu nani anashika ufunguo wa faili zako.

Wacha nianzie chini kabisa, kwa wale wanapiga JPEG tu. Kamera ikikupa JPEG imekupa chapo tayari. Imeamua mwanga, imeamua rangi, halafu imetupa unga uliobaki. RAW ni unga wote. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 12 ina 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Ndio maana ukimpiga bibi harusi mweusi mbele ya dirisha la kanisa, kwa RAW uso wake bado uko pale ndani ya kivuli, unaweza kuuvuta utoke. Kwa JPEG unavuta matope.

Shida ni kwamba RAW si aina moja ya faili. Canon wana yao, Nikon wana yao, Sony wana yao, na hawakuwa wanamwambia mtu faili imepangwaje. Ukinunua kamera unapewa na programu yao, ukipenda usipende.

Mwaka 1997 programa mmoja Mmarekani anaitwa Dave Coffin akaanza kuandika kitu kidogo kwa lugha ya C, akakiita dcraw. Alikuwa anachambua faili za kamera moja baada ya nyingine, anakisia, anajaribu, mpaka picha ifunguke. Halafu anaweka kodi yake wazi, bure, yeyote achukue. Manze, huyu jamaa hatajwi vya kutosha. Programu kibao za kuhariri RAW zimejengwa juu ya kazi yake, na watu wengi wanaozitumia hawajawahi kusikia jina lake.

Upande wa pili kuna Thomas Knoll. Mwaka 1987 alikuwa mwanafunzi wa PhD pale University of Michigan, akaandika programu ya kuonyesha picha kwa Macintosh yake. Mwaka uliofuata akachukua mapumziko ya miezi 6 kutoka masomoni aijenge na kaka yake John. (Mimi mapumziko yangu yamefika mwaka wa 2, tusiongee hiyo.) Hiyo programu ndiyo Photoshop, iliyouzwa na Adobe kuanzia 1990. Mwaka 2003 huyo huyo Thomas akatoa Camera Raw, nyongeza ya Photoshop iliyouzwa dola 99, na ghafla ukaweza kufungua RAW za kampuni tofauti mahali pamoja. Mwaka 2004 Adobe wakaleta DNG, muundo wa RAW ulio wazi ambao kampuni yoyote inaruhusiwa kutumia bila kulipa.

Canon na Nikon hawakuushika. Badala yake, 2005 ikaja kitu ya ajabu. Nikon D2X, kamera ya karibu dola 5,000, ilikuwa inaandika kipimo cha rangi ya mwanga, kile kinachofanya nyeupe ionekane nyeupe na si ya manjano, kwa msimbo wa siri ndani ya faili. Umenunua kamera, umepiga picha wewe mwenyewe, lakini sehemu ya picha imefungwa kwa kufuli ambalo hukupewa. Knoll akalalamika hadharani. Kuvunja hilo kufuli kungeweza kuiingiza Adobe kwa shida na DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani. Coffin yeye alilivunja tu.

Kwa hivyo hapo unaona Adobe wako upande wa mpiga picha. Shikilia hiyo picha kichwani, juu inabadilika.

Oktoba 2005 Apple wakatangaza Aperture, dola 499. Adobe wakajibu na Lightroom, toleo la kwanza Februari 2007. Katikati hapo, 2006, Adobe walinunua Pixmantec, kampuni ya Denmark iliyokuwa na RawShooter, programu ambayo watu waliipenda na iliyokuwa na toleo la bure. Haikuendelea tena.

Aperture nayo? Juni 2014 Apple wakasema basi, hawaiendelezi. Adobe wakatoa njia ya kuhamia Lightroom: picha zilihama, nyota na maneno ya kutafutia yalihama, lakini marekebisho yenyewe hayakuhama. Miaka ya kuvuta kivuli hapa na kupunguza mwanga pale, yote ilibaki kwenye programu iliyokufa. Hii ndiyo sehemu inanitisha kuliko zote. RAW haiguswi ukihariri. Kazi yako ni orodha ya maagizo, na hayo maagizo kila programu inayaandika kwa lugha yake.

Halafu kodi. Mwaka 2013 Adobe waliacha kuunda matoleo mapya ya kununua mara moja kwa Photoshop, na 2017 Lightroom ikafuata. Mpango wa wapiga picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Mwaka 2013 hiyo ilikuwa karibu KSh 870. Januari 2024 bei ilikuwa ile ile dola 9.99, lakini dola ilikuwa imefika karibu 160, kwa hivyo ilikuwa karibu KSh 1,600. Landlord hakuwa amepandisha kodi, na bado ulikuwa unalipa karibu mara mbili. Tuwe wakweli: ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado inakuruhusu kuona picha na kuzitoa. Kinachofungwa ni chumba cha kuhariri.

Najua wengi mtaani wanatumia ile ya kucrack. Sina nguvu ya kumhubiria mtu, lakini hiyo pia ni nyumba ya mtu mwingine, na humjui.

Kwa nini najali? Fikiria picha za Juni 2024. Nyingi zilipigwa na watu wa umri wetu, na zingine ziko RAW kwa hard disk chini ya kitanda cha mtu. Kuna siku mtu atazihitaji, pengine korti, pengine mtoto wa shule, na sidhani itakuwa mwaka huu.

Mimi natumia darktable, iliyoanza 2009. RawTherapee ni ya zamani zaidi, ilianza 2004 na kuwekwa wazi 2010. Zote ni bure na kodi yake iko wazi. Zinaandika maagizo kwenye faili ndogo ya maandishi inayokaa kando ya picha. Sitakudanganya, darktable ni ngumu. Wiki ya kwanza utaitukana. Na maagizo yake hayasomeki vizuri kwingine pia, hiyo shida haina kabila. Kwa hivyo picha yoyote ya maana naitoa pia kama TIFF ya biti 16, naiweka folda moja na RAW yake.

Kama kazi yako ni harusi tatu kwa wiki na mteja anataka picha Jumatatu, lipa Lightroom, ni kifaa kizuri na ni haraka. Iweke kwa bei unayomwambia mteja. Halafu ingia kwenye mipangilio ya katalogi uwashe ile sehemu ya kuandika mabadiliko kwenye XMP, juu haijiwashi yenyewe.