Adui Kazikwa Mara Nne, Mpagazi Hana Hata Jiwe: Safari ya Baiskeli Kando ya Mto Somme

Humu ndani tumezoea kufichiana majina. "Msanii mmoja mkubwa", "dada flani wa mjini", halafu nyie kwenye komenti mnaanza kubahatisha. Leo nina watu kibao wasio na majina, na hata mkibahatisha mpaka kesho hamtawapata. Ila ili tuwafikie inabidi tupande baiskeli kwanza, tena Ufaransa.

Kaskazini mwa Ufaransa kuna mto unaitwa Somme. Sio mto wa kutisha. Una urefu wa kilomita kama 245 na unaanzia mahali ambapo hapafiki hata mita 100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake yanatembea kama mtu aliyetoka kula pilau la harusi. Zamani walichimba mfereji wa mashua za mizigo sambamba na mto, na kando ya mfereji kukawa na njia ya farasi waliokuwa wanazivuta hizo mashua kwa kamba. Farasi wameondoka, njia imebaki, na siku hizi ndo njia ya baiskeli. Kutoka mji wa Péronne mpaka baharini ni zaidi ya kilomita 120, na sehemu kubwa magari hayapiti. Hakuna daladala ya kukuchomekea, hakuna bodaboda anayekutokea kushoto, hakuna mlima. Maji upande mmoja, miti upande mwingine, wazee na ndoano zao, bata wanaogelea wakati na wewe unakula bata.

Mimi sijafika, nauli yenyewe mnaijua. Nimeifuata kwa ramani ya simu na kwa kusoma, kijiji baada ya kijiji, na ndo nikaona kwamba hii njia tulivu inakatiza katikati ya ardhi iliyolowa damu kupita maelezo.

Tarehe 1 Julai 1916, saa 1:30 asubuhi, Waingereza walitoka kwenye mahandaki yao kwenye vilima vya kaskazini mwa mto kwenda kuwavamia Wajerumani. Siku hiyo peke yake jeshi lao lilipoteza watu 57,470, yaani waliokufa, kujeruhiwa, kupotea na kutekwa. Waliokufa ni 19,240. Uwanja wa Mkapa ukijaa kwenye mechi ya Simba na Yanga unabeba watu 60,000. Piga hesabu mwenyewe. Na hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu, vita vile vya Somme viliendelea mpaka tarehe 18 Novemba, na pande zote zikijumlishwa, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walizidi milioni moja. Mpaka leo wakulima wa huko wakilima wanaibua makombora yaliyogoma kulipuka, wanayaweka kando ya shamba, wataalamu wa serikali wanakuja kuyachukua. Zaidi ya miaka 100 imepita!

Sasa tukanyage pedeli. Péronne kuna ngome ya kale ambayo ndani yake, tangu 1992, kuna makumbusho ya vita hiyo. Anayeanza safari aingie hapo kwanza, la sivyo atapita kila kitu akidhani ni mashamba tu. Mbele kidogo, sehemu inaitwa Froissy, kuna treni ndogo ya watalii inayopita kwenye reli nyembamba ya sentimita 60. Watoto wanaipenda. Lakini reli ile ililazwa wakati wa vita, kwa ajili ya kupeleka risasi na makombora kwa askari waliokuwa mbele. Vita ilipoisha ikasaidia kujenga upya vijiji, baadaye ikabeba viazisukari kupeleka kiwandani. Hii reli iwekeni akilini, nitairudia.

Ukiacha mto ukapanda vilima kuelekea kaskazini unafika Thiepval. Pale kuna mnara wa matofali wenye urefu wa mita 45 hivi, uliozinduliwa mwaka 1932. Kwenye kuta zake yamechongwa majina zaidi ya 72,000. Hao wote ni watu wa majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini waliofia eneo hilo na ambao miili yao haikupatikana, au ilipatikana ikashindikana kutambulika. Kwa hiyo yupo mtu ambaye mwili wake uko chini ya jiwe linalosema tu kwamba Mungu ndiye anayemjua, na jina lake liko juu ukutani, na hakuna anayeweza kuunganisha viwili hivyo. Hilo lilinikaa kichwani siku nzima.

Turudi kwenye maji. Kijiji cha Chipilly kina sanamu moja ambayo mimi ningeiendea hata kama isingekuwepo njia. Ni askari wa mizinga wa Uingereza na farasi wake aliyejeruhiwa. Farasi anaanguka, na jamaa kamkumbatia shingo, kamwekea uso wake karibu kabisa. Hana bunduki mkononi, hajasimama kishujaa kama masanamu mengine. Ni ukumbusho wa divisheni ya 58 ya London. Yule askari hana jina, anasimama kwa niaba ya wenzake wote. Farasi naye hana.

Ukifuata maji kuelekea magharibi unafika Vaux-sur-Somme, na hapa ndo kuna staa wa hadithi hii. Manfred von Richthofen, rubani wa Kijerumani aliyepaka ndege yake rangi nyekundu, yule mnayemjua kama Baroni Mwekundu. Alidungua ndege 80. Tarehe 21 Aprili 1918 akiwa chini chini juu ya bonde hili anamfukuza rubani mwingine, risasi moja ikampiga kifuani. Nani aliifyatua? Watu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema rubani wa Kanada, wengine wanasema Waaustralia waliokuwa chini na bunduki zao. Alikuwa na miaka 25, yaani umri wa wengi wetu humu.

Sasa angalieni alivyozikwa. Waaustralia, yaani maadui zake, walimzika kwa heshima zote za kijeshi kwenye kijiji cha Bertangles. Baadaye akahamishiwa makaburi ya Wajerumani ya Fricourt. Mwaka 1925 akapelekwa Berlin. Mwaka 1975 akahamishwa tena, akalazwa na ndugu zake Wiesbaden. Makaburi manne kwa mtu mmoja, na yote yanajulikana yalipo.

Baada ya hapo unapita Corbie halafu unaingia Amiens, mji mkubwa wenye kanisa kuu la ajabu na bustani za mboga zilizokatwa na mifereji, ambako wakulima walikuwa wanapeleka mazao sokoni kwa mashua. Wapenda baiskeli, hapa pana kisa chenu. Mwaka 1919, miezi michache tu baada ya bunduki kunyamaza, gazeti la Le Petit Journal liliandaa mbio za baiskeli kuzunguka maeneo yaliyopiganiwa. Hatua moja ilitoka Brussels mpaka Amiens, kilomita zaidi ya 320, kwenye barabara zilizokuwa mashimo ya mabomu na tope, kwenye baridi na mvua. Mshindi wa hatua hiyo, Charles Deruyter wa Ubelgiji, alitumia zaidi ya saa 18. Nadhani hata yeye angependa njia ya mfereji.

Kutoka Amiens mpaka Abbeville ni raha tupu, sina la kusema, endesha tu. Ila karibu na bahari usipitilize Noyelles-sur-Mer. Kwenye kitongoji chake cha Nolette, katikati ya mashamba, kuna lango lenye umbo la Kichina. Ndani kuna makaburi zaidi ya 800, ya Wachina. Wamefuata nini Ufaransa? Kazi. Kuanzia 1917 Waingereza walileta kama watu 95,000 kutoka China, wengi vijana wa vijijini. Hawakuwa askari. Walipakua meli, walichimba mahandaki, walilaza reli, na vita ilipoisha wakabaki kusafisha uwanja wa vita na kuzika maiti za watu wengine. Wengi waliolala Nolette waliondoka na mafua makali ya 1918 na 1919. Kila mmoja alivishwa bangili yenye namba, na namba ile imechongwa kwenye jiwe pamoja na maandishi ya Kichina. Mabosi wao hawakuweza kusoma maandishi yale, kwa hiyo kwao mtu alikuwa namba. Lakini jiwe lipo, linasafishwa, majani yanakatwa.

Haya, ile reli ya Froissy. Mwezi Septemba 1916, wakati treni zile zinabeba makombora kando ya Somme, Waingereza hao hao waliingia Dar es Salaam kumfukuza Mjerumani. Huku kwetu vita ilikuwa porini ambako reli haikufika, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kilichobeba risasi na chakula ni vichwa vya watu. Walichukuliwa wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengine kwa nguvu. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria kwa upande wa Waingereza tu yanafika watu kama 95,000. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na sisi tukakitamka Kariakoo. Ndio, Kariakoo hii hii unakoenda kununua kava za simu.

Tume ya Uingereza iliyojenga Thiepval ilikuwa na kanuni nzuri tu, kwamba kila aliyekufa aandikwe jina, tajiri na maskini sawa. Ikafika kwa wapagazi ikasahau. Gavana wa Tanganyika wa wakati huo, Sir Horace Byatt, alitaka makaburi yao makubwa, pamoja na ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Kilichofuata ni ile sanamu ya Askari mnayoizunguka kila siku pale Posta, ya mwaka 1927. Mmoja kwa niaba ya wote, tena ana bunduki wakati wengi waliokufa walikuwa na mizigo. Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwishoni mwa njia kuna Saint-Valery-sur-Somme, kamji ka bandari. Maji yakitoka, ghuba nzima inageuka mchanga na sili wanajilaza huko kuota jua. Hapo unaegesha baiskeli, unavua viatu.

Na kama kwenu kuna babu wa babu aliyeondoka na mzigo wa Mwingereza au Mjerumani kichwani, na jina lake bado mnalo, liandike hapo chini kwenye komenti. Jina kamili na kijiji alichotoka.