Taa ya tangi la samaki ikigoma: mwongozo kwa Wapwani walioko Kericho na Bomet

Wapwani tulioletwa na kazi kwenye nchi hii ya chai, kuanzia Kericho mjini na Litein hadi Sotik na Bomet, wengi wetu tunafuga samaki wa mapambo sebuleni. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: mbona taa ya tangi iliyodumu miaka Mombasa, huku inazima baada ya miezi michache? Jibu langu ni kwamba mara nyingi taa yenyewe haijafa. Kilichoharibika ni kitu kidogo kando yake, na hali ya hewa ya huku ndiyo iliyokiharibu. Kabla ya kutoa pesa kununua nyingine, ikague kwa utaratibu.

Kwanza, chomoa plagi

Maji na stima havikai chungu kimoja. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, nayo inatosha kuua mtu aliyetia mkono majini. Kuzima swichi ya taa pekee hakutoshi. Chomoa kila plagi ya tangi: taa, hita na pampu. Kausha mikono, ondoa taa juu ya maji, uipeleke mezani. Taa ikitumbukia majini, usiifuate kwa mkono. Zima stima kwenye swichi kuu ya nyumba kwanza.

Kwa nini huku hasa

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 hivi, ilhali maji ya tangi lenye hita yako kwenye nyuzi 25. Mvuke wa maji hayo hupanda, ukikutana na mfuniko wa baridi hugeuka matone, na matone huingia kwenye viungo vya taa. Mombasa hewa na maji ya tangi hukaribiana joto, kwa hiyo matone ni machache. Kule adui yetu ni chumvi ya bahari inayokula vyuma.

Adui wa pili ni radi. Mvua za mchana za huku huja na ngurumo na mvua ya mawe, ile ile inayochanachana majani ya chai. Radi ikipiga karibu na nyaya, au stima ikirudi kwa kishindo baada ya kukatika, adapta ndogo ya taa ya LED huwa ya kwanza kuungua.

Fuata stima kutoka ukutani

Anza kwenye soketi, umalizie kwenye taa.

1. Soketi: chomeka chaja ya simu. Isipochaji, tatizo si la tangi.

2. Fyuzi ya plagi: taa ya tangi inatosha fyuzi ya ampia 3. Ikiwa imeungua, weka mpya ya kiasi hicho hicho. Usizungushie karatasi ya sigara wala kipande cha waya, maana hapo umeondoa kinga yote. Fyuzi mpya nayo ikiungua papo hapo, kuna waya zinazogusana. Acha, mwite fundi.

3. Saa ya kuwashia: zile za kuzunguka husimama stima inapokatika. Ikiwa taa inawaka saa sita usiku na kulala mchana, haina kasoro. Rekebisha saa tu.

4. Adapta: ikiwa ni baridi kabisa baada ya nusu saa kwenye stima, au inanuka kuungua, huenda ndiyo iliyokufa. Mwenye mita apime. Ikiandikwa volti 12, ionyeshe takriban 12. Unaponunua nyingine, volti ziwe zile zile, na ampia zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani.

5. Viungo: tafuta kutu ya kijani au utando mweupe. Sugua taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha acha taa siku mbili mahali penye joto na hewa kabla ya kuijaribu.

Dalili na maana yake

Taa ya LED ikizima vipande vipande huku sehemu nyingine zikiwaka, ukanda wenyewe umeingia maji au umekatika. Ikififia yote kwa pamoja, shuku adapta au uchafu wa chokaa kwenye kioo.

Tyubu ikipepesa bila kuwaka, badilisha starta kwanza, maana bei yake ni ndogo. Ncha zikiwa nyeusi, tyubu imezeeka. Ikiwa haina dalili hizo, izungushe kidogo kwenye vishikizo, kwani huenda imelegea tu. Usiivunje, ndani yake mna zebaki. Ikivunjika, fungua madirisha na utoke kwanza.

Ukigusa maji au fremu ukahisi mchomo, hapo hapana mjadala. Zima swichi kuu, na usiguse tena mpaka fundi afike.

Samaki wakikaa gizani

Usifanye haraka kwa kuwahurumia samaki. Mwanga wa dirishani unawatosha kwa siku kadhaa. Mimea ya majini ndiyo itakayoanza kudhoofika taa ikikosekana kwa muda mrefu. Cha kuhofia zaidi huku ni hita. Samaki wa nchi za joto kama gapi hawastahimili maji kupoa sana, ingawa samaki wa dhahabu huvumilia. Basi baada ya kuondoa taa na kuhakikisha kasoro haiko kwenye soketi wala hita, rudisha hita na pampu.

Kuzuia lisirudi

Weka kioo cha kufunika kati ya maji na taa, ukipanguse kila wiki. Acha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni lisiingie ukutani. Ekstensheni isilale sakafuni wala chini ya tangi. Ngurumo zikianza, chomoa taa. Na kwenye nyumba yenye tangi, weka swichi ya RCD ya miliampia 30, inayokata stima mara inapovuja.

Kazi ya ndani ya ukuta, au ya kufungua choki ya tyubu, mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Malipo yake yanaweza kuuma kuliko bei ya taa, lakini watoto wa nyumba hiyo ndio wanaotia vidole majini kila siku kuwachezea samaki.